Kila Mtu Anauza Betri

Katika nchi hii, ukisimama kando ya gari lililokataa kuwaka, utaambiwa ni betri hata kabla hujafungua boneti. Bodaboda atasema betri. Mama wa mahindi ya kuchoma atasema betri. Mtoto aliyetumwa mkate atasimama, atakutazama kwa huruma, naye atasema betri. Ukifika dukani, muuza betri ambaye hata hajaliona hilo gari atakubaliana na wote hao, maana kukubaliana ndiyo biashara yake. Mji mzima wa Embu, kuanzia stendi hadi njia ya kwenda Kiritiri, sijapata mtu hata mmoja wa kuniuliza: "Mwalimu, hiyo betri yako imekalia nini?"

Imekalia kutu. Leo nimeamua kulalamika kwa niaba ya kile kipande cha chuma kilicho chini ya betri, ile trei, ambacho kimebeba mzigo miaka yote hii bila kushukuriwa. Kila sehemu ya gari ina mtetezi wake. Injini ina fundi wake, waya zina fundi wake, magurudumu yana watu wao wa kupima mizani, na hata viti vina mshonaji. Trei ni yatima.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, toleo la 1998, namba ya KAT. Kanuni ya viwango, ile KS 1515 ya mwaka 2000, inasema gari la mtumba lisiingie Kenya likiwa limepita miaka 8. Langu liliingia kihalali, likiwa bado na mwaka mmoja wa heshima mkononi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelihesabia umri tena. Bandarini wanakagua ujana. Uzee tunaachiwa sisi, pamoja na mvua za Oktoba na matope mekundu ya Manyatta.

Waliolitengeneza walikuwa na nia njema. Juu ya trei ya chuma waliweka kisahani cha plastiki cha kukinga asidi ya betri. Kisahani hicho ni chepesi, hakina mlio, hakiwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Kwa hiyo fundi fulani, miongoni mwa wengi walioshika gari hili kabla halijanifikia, alikitoa, akakiweka kando, akafunga boneti na kwenda zake. Kama umewahi kuona kuku wakitiliwa pumba kwenye kisahani cheusi cha mstatili mahali popote kati ya Runyenjes na Kianjokoma, tafadhali mwambie mwenye kuku kwamba mimi nipo na ninakitafuta.

Bila plastiki hiyo, chuma na betri vinabaki uso kwa uso, na betri si jirani wa kuaminika. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na hadi leo mambo hayajabadilika sana: sahani za risasi zimezamishwa ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ikichajiwa hutoa gesi, na gesi ikipanda hubeba ukungu mwembamba wa asidi. Altaneta ikiwa nzima, hupeleka volti kama 14 hivi na ukungu unakuwa kidogo. Kidhibiti chake kikichoka, volti zikapanda hadi 15 na zaidi, betri huchemka, maji hukauka, na asidi hushuka ubavuni.

Ndipo unapouona ule unga mweupe wenye ukijani kwenye vichwa vya betri. Na hapa ndipo hasira yangu inapochemka kuliko betri yenyewe, kwa sababu dawa ya taifa zima kwa unga huo ni kuumwagia maji moto. Birika linaletwa kutoka kibandani, unga unayeyuka, vichwa vinang'aa, kila mtu anapiga makofi. Wasioamini maji humwaga soda ya kola. Sasa nauliza, nikiwa mtu niliyefundisha sayansi ya darasa la saba miaka mingi: yale maji yenye asidi yameenda wapi? Yameteremka. Yameikuta trei, imekaa kimya, haina plastiki, haina rangi, haina mtetezi. Tumeosha kichwa kwa kumtia sumu miguuni.

Trei ikishaliwa, betri huanza kucheza. Corolla ikipita kwenye shimo, betri inaruka kidogo na kutua. Huko ndani, ule uji mkavu wa risasi ulioshikizwa kwenye sahani unabanduka kidogo kidogo na kulala chini ya boksi. Ukijaa, unaunganisha sahani ambazo hazikupaswa kukutana, na betri inakufa kabla ya siku zake. Asubuhi unageuza ufunguo, unasikia tik. Bodaboda: betri. Mama wa mahindi: betri. Unatoa elfu kumi na ushee, unanunua mpya, unapewa kadi ya waranti yenye muhuri, na mpya inaketishwa juu ya kutu ileile iliyomuua mtangulizi wake. Ukirudi na malalamiko, unaambiwa waranti haihusu "matumizi mabaya". Tungekuwa na mzaha mkubwa zaidi ya huo tungeufundisha chuo kikuu.

Basi nikaenda kutafuta trei mpya.

"Nataka trei ya betri ya 110," nilimwambia kijana wa duka la spea mjini Embu.

"Betri iko, mzee. NS40 ama NS60?"

"Sitaki betri. Nataka inapokalia."

"Si inakaa tu kwa gari?"

Nikavuka barabara. Duka la pili walikuwa na vifuniko vya magurudumu, manukato ya ndani ya gari yenye umbo la nanasi, stika za kuomba ulinzi wa Mungu, na usukani uliovikwa manyoya. Mwenye duka alikiri kwamba trei ni kitu cha maana sana. Alisema hivyo huku akinionyesha betri.

Nikapiga simu Nairobi, kwa muuzaji mmoja wa Kirinyaga Road, kwenye mitaa ambako gari la Kijapani hukatwa vipande vipande na kila kipande kupata bei. Huyo alijua trei ni nini. Alijua hata ina bolti ngapi. Ila haiuzi peke yake. "Mwalimu, hiyo huja na pua," alisema, maana yake nichukue mbele yote ya gari iliyokatwa: taa, bampa, rejeta, nguzo za chuma, na humo ndani, kama zawadi, trei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa na Corolla. Wangejua kwamba ukitaka kuziba ufa, unauziwa ukuta kwanza.

Shemeji yangu wa Nkubu ndiye aliyekata kauli. Watu wa Meru wana dharau fulani kwa Embu ambayo huitoa kwa upole, wakati wa chai. "Shemeji," akasema, "nyinyi mlikaa na Mkuu wa Mkoa wa Mashariki miaka mingi mpaka mkasahau kushika spana. Embu kuna maofisa. Mafundi wako Meru. Leta gari." Ningetaka kubisha, lakini ni kweli makao ya mkoa yalikuwa kwetu, na ni kweli pia kwamba nilikuwa nimezungushwa madukani na vijana waliovaa suruali zilizopigwa pasi.

Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 120, na barabara hiyo ina lami nzuri na kona zisizo na adabu, kwa sababu inakata mito yote inayoshuka upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Betri niliifunga kwa mpira wa tyubu, ule wanaofungia magunia kwenye bodaboda, nikaizungushia mpaka mama watoto akauliza kama tunaipeleka hospitali. Tukapita Runyenjes, tukavuka Thuci, tukapita Chuka. Kwenye mteremko wa Nithi nilishuka kwa gia ndogo na kunyamaza. Hapo hakuna mtu wa huku anayefanya mzaha. Basi lililotumbukia Julai 2022 liliua zaidi ya watu 30. Na betri isiyo na pa kukalia si kichekesho kwenye kona kama zile. Ikiinama na kichwa chake cha chanya kikagusa boneti, cheche zinaruka mahali palipojaa gesi na mafuta, na stima yote inaweza kukatika ukiwa katikati ya kona.

Mbele ya Nkubu, kabla ya kufika mji wa Meru, tulivuka ikweta. Watalii huvuka mstari huo kupiga picha. Mimi nilitoka nusu moja ya dunia nikaingia nusu ya pili nikitafuta bati la ukubwa wa daftari.

Gereji ilikuwa upande wa Gakoromone, nje ya soko, uwanja wa udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi. Nilifungua boneti na mara baraza likakutana. Katika gereji ya jua kali ukifungua boneti humwiti mtu. Watu huja wenyewe, hata wasiofanya kazi hapo. Mmoja alikuwa na kifurushi chake cha miraa ndani ya jani la ndizi, na aliposikia nimetoka Embu alitaka kwanza tumalize suala la muguka, majani ya kutafuna ya kwetu Embu: iweje kaunti za Pwani zilijaribu kuipiga marufuku Mei 2024 lakini miraa hazikuigusa? Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya chuma. Akasema chuma kinaweza kusubiri, hoja haiwezi.

Fundi wa stima ndiye aliyetangulia kuinama. Alipima kwa mita, akasema volti ni nzuri, na hiyo trei si ya stima, ni ya bodi. Fundi wa bodi akachungulia akiwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Akasema yeye hushughulika na kinachoonekana boneti ikiwa imefungwa. Hiyo ni ya mtu wa kuchomelea. Mchomeleaji kijana akasema yuko tayari kuchomelea, lakini achomelee nini kwa nini? Huwezi kushona shati ambalo limebaki vifungo. Fundi wa injini hakusema lolote. Aliitazama, akatikisa kichwa, akarudi chini ya Probox yake. Hapo ndipo mwenye miraa alipoinua kidole na kutoa maoni yake kwa sauti ya mtu aliyefikiri sana: labda ninunue betri ndogo.

Aliyeniokoa ni mzee wa ovaroli ya buluu aliyekuwa akipiga majiko pembeni, ambaye hata si fundi wa magari. "Toeni hiyo mikono yenu," akawaambia. Akashika spana namba 10, akafungua hasi kwanza, halafu chanya. Nilimpenda palepale. Anayeanza na chanya, spana yake ikigusa bodi, atajifunza utaratibu kwa cheche. Kisha akamtuma kijana kwa mama wa githeri aombe kijiko cha magadi.

Ninyi mnaojua magadi kwa githeri tu, hamjayaona yakifanya kazi. Mzee aliyakoroga kwenye kopo la maji na kuyamwaga taratibu juu ya trei. Povu likapanda, likichemka bila moto, jeupe kisha la kahawia, likilia kwa sauti ndogo ya kukaanga. Magadi yanauma asidi na asidi inauma magadi, na zikichoka zote mbili kinachobaki ni chumvi, maji na hewa. Tukasubiri povu linyamaze, akamwaga tena, mpaka likakataa kupanda. Mama wa githeri alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na nadhani siku hiyo alipata maswali mapya kuhusu matumbo ya wateja wake.

Betri ilipotoka, tuliona yote. Katikati ya trei palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Kingo zilibanduka tabaka kwa tabaka, na mzee alipozigusa kwa bisibisi zikavunjika kama chapati ya juzi. Bolti ndizo zilizoleta matata. Moja ilifunguka kwa heshima. Nyingine zilikuwa zimeungana na nati zake tangu enzi za marehemu fundi wa plastiki. Alizipaka oili, akazigonga, akazipa nafasi ya kutubu. Ya kwanza ikakatika kichwa. Ikafuata dada yake. Kila kichwa kilipodondoka, baraza lilisema "woi!" kwa pamoja, na mimi nikasikia bei ikipanda.

Stima ikapotea wakati drili iko katikati ya bolti. Hilo halikumshangaza mtu. Chai ikaletwa.

Trei mpya ilikatwa kutoka kwa pipa la oili. Huyo mzee hutengeneza majiko, masanduku ya shule na mabomba ya moshi kutoka mapipa hayohayo, kwa hiyo gari langu sasa lina undugu wa damu na sanduku la mwanafunzi fulani wa bweni huko Igoji. Nilidai bati nene zaidi. Akaniuliza kama nabeba betri au trekta. Alilikunja kingo kwa nyundo juu ya kipande cha reli, bila kupima, akajaribisha, akarudi, akakunja tena upande mmoja upana wa ukucha. Chini akachomelea vipande viwili vya chuma cha pembe. Pembeni akatoboa matundu ya kutolea maji, jambo ambalo waliotengeneza gari walilikumbuka na wengi wanaolikarabati hulisahau. Halafu akapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Nilipoomba mkono wa pili wa rangi alinitazama kwa muda, akapaka, kisha akapaka wa tatu bila kuombwa, ili ninyamaze.

Mahali pa kile kisahani cha plastiki, alikata ubavu wa mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20. Asidi ya betri haiuwezi mtungi huo. Sasa nikifungua boneti nasoma kwamba bidhaa hii haina kolesteroli.

Tukafika kwenye bei. "Elfu nne, Mwalimu."

"Kwa pipa?"

"Pipa ni bure. Nimekutoza bolti. Zile zilizokatika."

"Na ile iliyofunguka?"

Akafikiri. "Hiyo nitakutolea mia mbili."

Kabla hatujaondoka, alitokea kijana wa kununua vyuma vikuukuu akiwa na mizani ya kuning'iniza, akitaka betri yangu nyingine iliyokufa, iliyokuwa kwenye buti. Anapima kwa kilo, na ili apime risasi tupu yuko tayari kuimwaga asidi papo hapo, kwenye mtaro. Mzee alimfukuza kabla sijafungua mdomo. Sihitaji kuhubiri, tuna somo letu wenyewe la Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi risasi mwilini. Phyllis Omido alipigania jambo hilo mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo betri yangu iliyokufa ilirudi Embu ikiwa abiria, nikaipeleka duka linalopokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Muuzaji alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kununua betri.

Nimesikiliza watu wakisifu gari langu tangu nirudi. Wote wanasema linawaka mara moja. Wote wanauliza ni betri gani hiyo nimeweka. Nikiwaambia ni ileile, imepata pa kukaa tu, wananitazama kwa jicho la mtu anayefichwa jina la duka. Jirani yangu, ambaye Nissan yake hulia tik kila asubuhi ya baridi, alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru sana, na jioni nikamwona akishusha boksi jipya la betri kutoka kwa bodaboda. Birika la maji moto lilikuwa tayari kwenye ngazi.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua gari lenye umri, acha kupiga teke magurudumu na kuvuta milango ukisikiliza mlio wake. Mwambie mwenye gari atoe betri. Akikwambia betri ni mpya kabisa na risiti ipo, mjibu kwamba umekuja kutazama chini yake. Akianza kuitafuta spana namba 10 kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuipata, punguza elfu ishirini papo hapo. Na ukikuta betri imefungwa kwa mpira wa tyubu, punguza tena, kiasi cha mafuta ya kukufikisha Meru na kukurudisha.